Mchomo Nilioupaka Rangi

Mwanangu Salama,

Habari za chandarua, maji ya kuchemsha na kutokuacha begi peke yake ndani ya behewa amekwisha kukupa mama yako, tena kwa sauti ambayo hata majirani wamefaidika. Mimi sirudii. Treni ya Kigoma ni kesho, na kwa tunavyoijua, mtapata muda wa kutosha pale stesheni wa kuongezeana mengine. Ninaandika alasiri hii nikiwa karakana, nimekaa juu ya tairi la trekta, na nimekasirika. Kidole gumba cha mguu kinapwita. Nimejikwaa tena kwenye kopo lako la saruji.

Hebu nikuulize. Ni nani anayeacha kopo la rangi la lita nne, lililojaa saruji na kokoto, katikati ya njia ya kwenda chooni? Na ni baba gani anayelizunguka mwaka mzima badala ya kulisogeza? Swali la pili ndilo linaloniudhi zaidi. Nitalijibu, lakini niache kwanza nilalamike kidogo, maana ninayotaka kukuambia hayatoki kirahisi.

Ulirudi kutoka chuo cha ualimu na cheti cha kufundisha michezo, ajira hakuna, ukakaa nyumbani. Wenzako waliokaa nyumbani walifungua saluni, wengine wakauza sabuni kwa simu. Wewe ukaja karakana, ukasimama mlangoni, ukaniambia, "Baba, nataka kutengeneza vyuma vya mazoezi."

"Vya nani?"

"Vyangu."

Nilicheka mpaka nikaweka grinda chini. Nikakwambia, ukitaka kunyanyua vizito ndoo za maji zipo pale. Ukanijibu, bila kucheka hata kidogo, "Ndoo nanyanyua tangu nina miaka saba, Baba. Nataka kitu ninachoweza kukiongeza uzito." Nikawasha tena grinda. Nikakwambia usogee, cheche zitakuunguza.

Wiki hiyohiyo bomba langu la inchi moja na robo likapotea. Lilikuwa bomba zuri, nimelitunza kwa mteja wa Ntalikwa aliyetaka fremu ya tangi la maji. Nikalikuta nyuma ya nyumba, kopo la saruji huku, kopo la saruji kule. Umeshamwaga saruji na imekauka. Kilichonikera zaidi hakikuwa wizi. Upande mmoja ulitia kokoto nyingi, upande wa pili mchanga mtupu, na ulipolinyanyua likainama upande kama mtu anayesikiliza maneno ukutani. Nilikuwa nakuangalia kupitia tundu la bati. Baba angekuacha uhangaike. Fundi alishindwa. Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, nilikwenda na patasi na mizani ya mama yako ya karanga, nikachonga upande ule mzito mpaka makopo yakalingana. Ulipoamka ukalinyanyua, ukamwambia mama yako, "Unaona? Limezoea." Limezoea! Saruji inazoea, Salama? Mpaka leo nilikuwa sijakwambia.

Baada ya hapo hapakuwa na salama nyumbani, ila jina lako. Ulikata tyubu za baiskeli ukazifunga kwenye nguzo ya kamba ya kuanikia nguo, uwe unazivuta. Siku mama yako alipoanika kanga zake zote za sikukuu, ukavuta, nguzo ikang'oka, kanga zikalala vumbini. Ulijaza mchanga kwenye gunia la salfeti, paka akalifanya choo. Ulikwenda kwa Bwana Jivan, mzee wa duka la vifaa pale sokoni, ukamwomba yale mawe ya chuma ya mizani ya zamani, yaliyokuwa yakipimia asali na nta enzi za baba yake. Yana vishikio juu, ukasema ndiyo hasa unayoyataka. Mimi nimemjua Bwana Jivan miaka thelathini na hajawahi kunipa hata msumari wa bure. Wewe akakupa mawe manne, akakuletea mwenyewe kwa mkokoteni, akasimama uani mwangu kuona utayafanyia nini. Ulipoyazungusha kichwani akapiga makofi. "Fundi," akaniambia, "huyu umempata wapi?"

Nilitakiwa kujibu, "Ni wangu." Nikasema, "Mkaidi tu huyo."

Halafu wakaja wanawake. Wa kwanza ni jirani yetu Bi Hadija, na mgongo wake uliokakamaa kwa kuinamia kikaango cha karanga tangu ujana. Uliniomba kibali? Hukuomba. Niliporudi siku moja nikamkuta ameshika ncha mbili za tyubu, dera limekunjwa kiunoni na suruali ya mazoezi ndani, anahesabu kwa sauti, "Saba, nane, jamani nakufa, tisa." Mwezi haukuisha wakawa sita. Wakafika tisa. Kila baada ya sala ya alasiri uani kwangu palikuwa na miguno, vicheko na harufu ya jasho na udi. Nikitoka msikitini wazee wenzangu wananichokoza: "Fundi Ramadhani, tunasikia kwako kuna kambi ya jeshi." Nikirudi nakufokea wewe. Ungenisikiliza vizuri ungegundua kwamba sikuwa nafoka kwa sababu umekosea. Nilikuwa nafoka kwa sababu nimeona haya mbele ya watu, na wewe ndiye uliyekuwa karibu.

Kilichonibadilisha ni jambo dogo. Asubuhi moja nilimwona Bi Hadija ananyanyua gunia la karanga kutoka chini, analiweka kwenye kibebeo cha baiskeli, halafu anajipangusa mikono na kuondoka. Peke yake. Miaka yote alikuwa akiniita mimi. Nilisimama pale na mikono yangu iliyokuwa tayari kusaidia, nikajiona sina kazi, na papo hapo nikasikia fahari isiyo na adabu, kana kwamba mazoezi yale nimeyaanzisha mimi.

Kutoka hapo nikajitia ukuu. Mlikuwa na benchi la mbao, na lile bomba lenye makopo mlikuwa mkililaza juu ya viti viwili vya plastiki ili mtu alale chini yake alinyanyue. Viti vya plastiki, Salama! Nikasema, ondoeni uchafu huo, nitawatengenezea stendi ya chuma. Ulifurahi mpaka ukanikumbatia mbele ya watu. Ukaniletea daftari lenye mchoro: miguu minne, chini imeunganishwa kwa mkingamo, na kila nguzo imeshikizwa kwa mkono wa mshazari. Umepima kwa rula na kuandika namba zote.

"Hii mishazari ya nini?" nikakuuliza.

"Ili nguzo isilale upande, Baba, mtu akirudisha chuma vibaya."

Nikakurudishia daftari bila kufungua ukurasa wa pili. "Nusu ya mageti ya mji huu nimechomelea mimi," nikakwambia. "Nenda kamsaidie mama yako."

Hapa ndipo nilipotaka kufika, na ndipo kalamu inaponikwama. Nimeinuka mara mbili kutafuta kazi ya kufanya. Nimefagia karakana yote. Nimerudi.

Ile stendi niliitengeneza siku ambayo nilikuwa na geti la mteja linalosubiri, na umeme unakuja na kuondoka. Nguzo ya kulia niliizungushia mchomo kamili, nikaigonga kwa nyundo, ikalia vizuri. Nguzo ya kushoto niliishikiza kwa nukta tatu tu ili isimame, nikikusudia kuimalizia. Umeme ukakatika. Ulipokuja, mteja wa geti alikuwa amesimama mlangoni anatazama saa. Nikafanya geti. Jioni nikachukua brashi nikaipaka stendi rangi ya buluu, nguzo zote mbili, na nilipofika kwenye kile kiungo cha kushoto nikaziona zile nukta tatu kwa macho yangu haya. Sikusahau. Ningependa sana kukuandikia kwamba nilisahau. Niliziona, nikasema nitamalizia kesho, nikapitisha brashi juu yake. Na mishazari uliyoichora sikuweka hata mmoja.

Ilisimama wiki tatu. Kila siku nikipita nikiitazama, nasema kesho.

Siku ile unaikumbuka kuliko mimi, lakini mimi naikumbuka kwa namna yangu. Nilisikia kishindo, halafu sauti ya Bi Hadija, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Nilipotokea uani nguzo ya kushoto ilikuwa chini, chuma kiko juu ya mkono wake, na wewe umeshainama unakinyanyua. Hukulia. Hukupiga kelele. Ulimfunga mkono kwa kipande cha ubao na kanga yako mwenyewe, ukamwambia mwanamke mmoja aite bajaji, ukamwambia mwingine amshike kichwa. Ulikuwa na akili zako zote. Na mimi, mtu mzima mwenye mvi, nikasimama mbele ya wanawake wanane nikapaaza sauti:

"Nilikwambia! Nilikwambia mambo haya! Umemzidishia uzito!"

Ukanitazama. "Baba, kilo ishirini tu."

"Unanijibu? Mtu amevunjika mkono, na unanijibu?"

Ukapanda bajaji naye.

Walipoondoka wote nikainama kwenye ile nguzo. Nukta tatu zimekatika, rangi ya buluu imebanduka kama ganda la yai. Mwanafunzi wa mwezi mmoja angeitazama akajua. Nikaenda nikawasha grinda. Nilikata ile stendi vipande kumi na vinne. Mama yako akatoka ndani akaniuliza nafanya nini, nikamwambia naondoa balaa nyumbani. Akasema nimefanya vizuri. Vile vipande niliviuza kwa mnunuzi wa chuma chakavu siku hiyohiyo kabla hujarudi kutoka hospitali.

Nimeandika. Sasa unajua.

Lakini usiache kusoma, maana kukata chuma ni dakika chache, na yaliyofuata ni miezi. Wanawake hawakurudi. Uliweka vyuma vyako vyote nyuma ya nyumba, kopo moja likabaki njia ya chooni, na mimi nikaona haya hata kuligusa. Kila asubuhi, baada ya kufagia kwetu, ulivuka njia kwenda kwa Bi Hadija. Ukamfulia. Ukamkaangia karanga, ukazifunga kwenye vikaratasi, ukazipeleka sokoni kwenye meza yake. Mikono yako ikanuka moshi. Mfupa ulipounga na daktari akasema auzoeshe mkono taratibu, ukamtengenezea tyubu nyembamba na chupa ya maji yenye mchanga, ukakaa naye kila siku ukihesabu. Mimi nilikuwa nakuona ukivuka ile njia na beseni kichwani. Siku sitini na kitu. Kila siku nilikuwa na sentensi mdomoni, na kila siku nikaimeza pamoja na chai.

Halafu siku moja ukaja karakana. Nilidhani umejua. Ukasema, "Baba, nisamehe. Nimekuaibisha mbele za watu." Na mimi nikasema nini? Nikasema, "Nimekusamehe, mwanangu. Yameisha." Nilikusamehe! Nilikaa kwenye tairi hili hili nikakusamehe kwa kosa langu mwenyewe, na nikajisikia mkarimu. Nikiikumbuka dakika ile natamani kujipiga na bomba.

Nikusimulie kitu. Babu yako, unajua, alikuwa fundi bati. Nikiwa na miaka kumi na minne nyundo yake ndogo ya kukunjia ilipotea, akasema nimeiuza. Alinipiga, akawaambia wateja wake wote kwamba mimi mwizi. Baada ya wiki mbili nikamwona anainua gunia alilokuwa akilikalia, na nyundo iko pale. Aliiangalia. Hakujua kwamba mimi namwona. Akaiweka kwenye boksi la zana, akaendelea kugonga bati. Alifariki miaka ishirini baadaye, nilimuuguza mwenyewe, nilimwogesha, na siku zote zile nilikuwa nangoja aitaje ile nyundo. Mzee alinipa mawaidha mengi mno maishani. Siyakumbuki. Nyundo naikumbuka. Na nilijiapia kwamba mimi sitakuwa baba wa namna ile, kiapo kikali, nikakisahau siku ya kwanza kilipohitajika.

Sasa, kwa nini nakuandikia leo na si mwaka jana? Si kwa sababu nimekuwa mtu mwema ghafla. Ni kwa sababu nilikusikia. Barua ya kazi ilipokuja kutoka ile shule ya Kigoma, sote tulishangilia, mama yako akapiga vigelegele. Wiki iliyopita mlikuwa jikoni, mimi niko nje ya dirisha natengeneza bomba la maji. Ukamwambia mama yako, "Nitawaomba wanipe jiografia. Michezo nitafundisha ya daftarini tu. Vifaa sishiki tena."

"Kwa nini, na hiyo ndiyo fani yako?"

"Mimi si mtu wa kukabidhiwa watu, Mama."

Mama yako akakwambia usiseme hivyo, yataisha. Lakini mimi nilijua hayataisha, maana mwenye uwezo wa kuyamaliza alikuwa amechuchumaa nje na spana mkononi, anasikiliza. Unaondoka nyumbani kwangu na mzigo ambao nimekufungia mimi, na ningekuacha ukapanda nao treni.

Kwa hiyo juzi, ulipokwenda Usoke kumuaga bibi yako, nilivuka njia. Nikapiga hodi kwa Bi Hadija. Alikuwa anachambua karanga, mkono wa kushoto unafanya kazi kama wa kulia. Nikakaa. Nikamwambia yote, kama nilivyokuandikia, na nukta tatu na brashi na grinda. Nilitegemea atalia, au atasema yaliyopita yamepita, kama watu wazima wanavyosemeana. Aliweka ungo chini.

"Ulikuwa unamwona anapita na beseni langu?"

"Nilikuwa namwona."

"Nguo zangu za ndani, Fundi. Mtoto wa watu amenifulia nguo zangu za ndani miezi miwili, kwa mchomo wako?"

Nikatazama karanga kwenye ungo.

"Mkono wangu nimekusamehe," akasema. "Mkono ni wangu, naweza kuusamehe. Lakini la mtoto sina mamlaka nalo. Mwambie mwenyewe, kabla hajapanda treni. Usipomwambia nitamwambia mimi pale stesheni, mbele ya abiria na wabeba mizigo, na sauti yangu unaijua."

Naijua.

Nilipotoka pale nikamwambia mama yako. Umeniuliza jana uliporudi kwa nini hasemi na mimi, nikakwambia kichwa kinamuuma. Kichwa hakimuumi. Tangu juzi ananiwekea chai haina sukari, na anaiweka mbali, ninyooshe mkono. Hakukwambia kwa sababu Bi Hadija amemwambia hili aachiwe mwenye nalo. Wamepatana, wale wawili.

Na nimejaribu, Salama. Leo mchana tumekula wawili, umeona mwenyewe. Nilifungua mdomo mara tatu. Mara ya kwanza nikakuuliza kama ugali umeiva. Mara ya pili nikakuuliza kama huko Kigoma kuna joto. Mara ya tatu nikakueleza tofauti ya boliti ya nambari kumi na tatu na ya kumi na saba, na ukanisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Nilinawa mikono nikaja huku kuandika.

Siku mbili ulizokuwa Usoke sikukaa bure. Nililitafuta lile daftari. Lilikuwa chini ya godoro lako, na samahani kwa kupekua. Nikajenga stendi kwa mchoro wako. Safari hii nilifungua ukurasa wa pili. Kila kiungo nimekizungushia mchomo kamili, nikagonga, nikasaga, nikamwita Bwana Jivan aje atazame kwa miwani yake kabla sijatia rangi, na sikutia rangi mpaka aliposema. Mishazari yote ipo. Nimeiwekea mifuko miwili ya saruji kila upande, ikakaa usiku kucha, haikutikisika. Ndiyo hicho kitu kilicho chini ya turubai ambacho jana nilikwambia ni geti la mtu. Na kwa kuwa umeniudhi vya kutosha, nikwambie pia kwamba mchoro wako una kosa: mguu wa nyuma umeuchora mfupi kwa inchi mbili, stendi ingelala nyuma. Nimerekebisha. Hiyo ndiyo kazi ninayopaswa kukufanyia, kurekebisha inchi mbili. Kazi yenyewe ilikuwa sahihi tangu mwanzo, na ya kwako.

Bi Hadija amesema wanawake watarudi, yeye ndiye atakayehesabu. Mama yako amesema naye anakuja, na kwamba mimi nitakuwa nafagia uani kabla hawajafika. Sikubisha.

Huko uendako utakuta hakuna vifaa, hilo nakuhakikishia bila kupaona. Watakuonyesha kiwanja cha vumbi na mpira mmoja usio na upepo. Utatafuta tyubu, makopo, mabomba mabovu, na utakuwa na wanafunzi wanaokutazama. Shika vifaa, mwanangu. Usiende kujificha kwenye ramani. Siku ile uani tulikuwa watu kumi na mmoja, na mtu mmoja tu aliyejua la kufanya, ni wewe. Na ikitokea siku kitu ulichokitengeneza kimeachia, maana vitu huachia, inama ukitazame kilipoachia, na useme pale pale ulichokiona. Usingoje mpaka uandike kurasa nane. Mkono unauma, nakwambia. Wa kuandikia.

Sijui utafanya nini ukishasoma. Nilifikiria kuisukumia barua hii ndani ya begi lako, katikati ya nguo, uisome ukishafika Kaliua, mimi nikiwa mbali, tena salama. Nimeikunja kabisa kwa ajili hiyo. Halafu nikaona nakuwa yuleyule wa brashi. Kwa hiyo nitakupa mkononi, sasa hivi, kabla jua halijazama na kabla chakula hakijaiva, ili kama una la kuniambia uniambie usoni, na kama unataka kunifokea unifokee hapa kwangu, majirani wasikie. Walisikia mimi nilipokufokea wewe.

“Nisamehe” sikuandikii. Neno hilo nimekwisha kulitumia vibaya kwako mara moja.

Nitakuwa nimekaa kibarazani. Sitaingia ndani mpaka utoke.

Baba yako,
Ramadhani